Kijito cha Karatasi ya Tatu

Matayo alikuwa akipitisha wino juu ya mstari wa penseli kwenye karatasi ya tatu ya ramani, pumzi ameibana, mkono ukasita. Daftari la wapimaji wa Handeni lilisema kijito kinapita magharibi ya kijiji. Mchoraji aliyemtangulia alikuwa amekichora mashariki. Na kwa kuwa kijito ndicho mpaka wa shamba la mkonge lililo upande wa magharibi, kijiji kizima kilikuwa kimeingia ndani ya shamba.

Mkataba wake wa miezi mitatu, wa tano sasa, ulibakiza siku mbili. Mzee Lukasi, msimamizi wa ofisi ya ramani hapo Korogwe, alikuwa amemwahidi: ramani ikiwa tayari Jumamosi, atampendekeza kwa kazi ya kudumu. Nyumbani Manundu mkewe Agripina hakuwa amepanda hata mchicha, maana kila mkataba ukiisha huambiwa huenda wakahama.

Akaenda kumwambia Lukasi.

"Nilikuwa nakungoja," Lukasi alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Nyie vibarua wa kalamu, wiki ya mwisho macho yenu huwa makali! Simeo, kibarua kama wewe, alikuwa anaona makosa kila mkataba ukikaribia kuisha, mpaka akaota mvi hapa hapa."

"Sitafuti siku za ziada, mzee. Tazama daftari."

Lukasi hakulitazama. Alivua miwani, akafikicha macho. "Unajua kwa nini Bwana Mkubwa wa idara anapenda watu wa muda? Wa kudumu hubisha. Wa muda humaliza. Nami nimeshamwambia Jumamosi. Sasa nimwandikie nini?"

"Mwandikie haijaisha."

"Ataleta mwingine."

"Najua, mzee."

Matayo akarudi mezani. Akatoa wembe, akaanza kuukwangua wino polepole asije akatoboa karatasi. Unga mweusi ukawa unatoka, naye anaupuliza.

Lukasi alikuja akasimama nyuma yake. Hakumzuia.

"Kukwangua tu ni siku nzima," alisema.

"Na kuchora upya siku mbili."

Mzee akaguna. Kengele ya saa kumi ikalia, makarani wa chumba cha pili wakaanza kufunga madirisha.

"Daftari hilo liache mezani kwangu," Lukasi alisema. "Nitalisoma asubuhi. Lakini sikupi ahadi yoyote, Matayo."

"Ndiyo, mzee."

Matayo akafunika karatasi kwa kitambaa. Kijito kilikuwa kimefutika nusu. Nusu nyingine bado ilipita mashariki.