Daftari la Sajini Kurimoto

Kwa miaka mitatu Bwana Haldane alipanga chumba cha juu kwa mjane Hatsue Kurimoto, mjini Kanazawa, na hakuwahi kusahau kuvua viatu mlangoni. Vitani alikuwa kapteni wa Kimarekani, kazi yake kusoma karatasi zilizotolewa mifukoni mwa maiti. Sasa alikuwa msomi, anaandika kitabu juu ya askari wa Kijapani. Kikitoka, chuo cha kwao kitampa uprofesa.

Asubuhi ya ibada ya mwaka wa kumi na tatu wa mume wa Hatsue, Haldane alishuka na daftari dogo lenye madoa.

"Mama, hili ni la marehemu. Nilipaswa kukupa siku ile niliyofika."

Hatsue aliujua mwandiko kabla hajaketi. Kaburini alizika sanduku lililoletwa na jeshi, na ndani, badala ya mwili, mlikuwa na kijiwe tu.

"Miaka mitatu unakula wali wangu, kumbe umelikalia?"

"Niliogopa. Soma mwisho."

Akasoma. *Sakuji ameumia miguu, hawezi kutembea. Nimempa bomu la mkono ajimalize, nikamgeuzia mgongo. Mama yake nitamwandikia kwamba alikufa akishambulia.*

Sakuji alikuwa mtoto wa pekee wa Tomi, jirani yao muuza tofu, ile jibini laini ya soya.

"Nataka kulichapa, majina na yote," Haldane alisema. "Bila daftari lenyewe hakuna atakayeniamini. Lakini ni lako. Ukikataa, basi."

Makaburini, mchongaji wa mawe alikwisha kusogeza jiwe la kaburi ili ndani pasafishwe kwa ibada. Tomi naye alikuwa amewahi, ndoo ya tofu mkononi.

"We Mmarekani, mbona umekonda? Huyu mama anakulisha sala tu?" Kisha akainama mbele ya kaburi. "Sajini, asante. Barua yako naisoma mpaka leo."

Hatsue akamtazama Haldane. Haldane akatazama viatu vyake.

Hatsue akapiga magoti, akalisukuma daftari ndani, kando ya sanduku.

"Umeweka nini, dada?" Tomi akauliza.

"Vitu vyake."

Haldane akashika jiwe pamoja na mchongaji, wakafunga.

Uprofesa alipewa mwingine. Yeye alibaki pale pale Kanazawa, akifundisha Kiingereza shule ya wasichana mpaka akaota mvi.

Kila mwezi, tarehe ya kifo cha sajini, Tomi alileta tofu na hakukubali kulipwa. Hatsue aliiweka kwanza mbele ya picha ya marehemu, akasali, halafu akaila yote, Tomi akiwa amekaa hapo hapo anamwangalia.