Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Msoma matangazo ya vifo wa redio ya serikali alikuwa na utani wake na mji mzima. Akipita sokoni, wauza nyanya humwambia, "Mimi bado, usinisome." Naye hujibu kwamba hana haraka. Kwa miaka kumi na tisa, saa saba mchana, sauti yake ndiyo iliyowaambia watu nani kafariki na anazikwa lini. Mama yake mzazi, anayeishi mbali na mji, haamini kifo cha mtu mpaka amsikie mwanawe akikitaja.

Jumanne walimu waliandamana, askari wakawafyatulia risasi. Redio ilipiga muziki wa harusi kutwa nzima, na taarifa ya habari ya jioni ikawa ya mbolea. Jumatano mkuu wa kituo akabandika karatasi ukutani: vifo vya wiki hii ni vya ugonjwa, ajali au uzee, basi.

Alhamisi asubuhi shemeji yake, mjane wa kaka yake, akamfuata kituoni na tangazo la kifo cha mwanawe, mwalimu wa hesabu. Cheti cha hospitali kilisema homa ya mapafu. Msomaji ndiye aliyekwenda kuutambua mwili, na tundu la chini ya kwapa aliliona kwa macho yake.

"Shemeji, nataka useme alipigwa risasi," alisema yule mama. "Mara moja tu. Bibi yake, mama yako, huko aliko asidanganywe."

"Nitasema."

"Hawatakufukuza?"

"Wakinifukuza nitapumzika."

Hakuwa anajitia ushujaa. Tangu atoke chumba cha maiti alikuwa haogopi wala halii, amekufa ganzi tu, na aliona ganzi hiyo itamsaidia. Aliandika neno risasi kwa mkono wake, akalipigia mstari.

Saa saba taa nyekundu ikawaka. Mkuu alikuwa amekwenda kula. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alikuwa anachokonoa meno. Hapakuwa na wa kumzuia. Akamsoma ajuza mmoja, akamsoma seremala, akafika kwa mtoto wa kaka yake.

"Familia inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao mpendwa, kilichotokea Jumanne, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi yatafanyika kesho, saa nane mchana."

Maneno yale ameyasema mara elfu. Hutoka yenyewe, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Kosa alilisikia alipofika kwenye saa ya mazishi. Kipaza sauti kilikuwa wazi bado. Angeweza kurudi nyuma. Aliona aibu, lakini kwa mbali, kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akafunua ukurasa, akaendelea na marehemu wa nne.

Alipofika msibani watu walikuwa wameizunguka redio iliyozimwa. Shemeji yake hakumlaumu. Alimpa kiti. Simu ya shemeji ikaita, akaipokea, akasikiliza kidogo, akamkabidhi.

"Mwanangu, nimekusikia," mama yake alisema. "Sasa nimetulia. Huku walikuwa wananijaza maneno ya risasi, nikawaambia ngojeni saa saba, mwanangu hajui kudanganya. Aliteseka sana?"

Shemeji yake alikuwa amesimama palepale, na simu ile ilikuwa na sauti kubwa.

"Hapana, Mama," alisema. "Muda mfupi tu."