Shavu la Kushoto

Mwau, nyapara wetu pale kwenye timbo la mawe nyuma ya Gazi, alinizaba kibao kikanibwaga chini mbele ya wachimbaji wote. "Mulinge, baruti umempa nani?"

"Sijaigusa! Ufunguo wa stoo unao wewe."

"Stoo sijaifungua tangu Juni," akasema, akaniongeza teke la mbavu. Huo ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa tisini na nane. Juzi yake wavuvi haramu walikuwa wamelipua samaki kwa baruti ya timbo letu, wakamrarua hadi kufa kijana mmoja, Shutu, aliyekuwa akipiga mbizi. Kakake, Kalama, alikuwa ameketi hapo na panga mapajani. Atakayekutwa na baruti mwilini ni maiti, na mimi nililijua hilo.

Mchana akaletwa mtaalamu, Bi Hannah Ziro, na mtambo wake wa leza. Alinipangusa viganja kwa pamba, akaimulika. Alisema kila kitu hurudisha mwanga wa namna yake, na chembe ya baruti isiyoonekana kwa macho ingechora mstari kwenye skrini.

Mstari haukuchoreka. Nikamshukuru Mungu.

"Amenawa huyo!" Mwau akafoka. "Mpime uso! Si alikuwa akijifuta jasho?"

Bi Hannah akanipangusa mashavu, kila moja na pamba yake. Pamba ya kwanza ikamulikwa. Mstari ukasimama wima.

Lo! Wenzangu niliokula nao ugali jana walinishukia kwa mateke na mawe. Jino likanitoka. Kalama akaja na panga lake, macho mekundu. Bi Hannah, aliyekuwa ameshamulika pamba ya pili, akajitupa katikati.

"Ngojeni! Ni shavu la kushoto tu! La kulia ni safi, mikono safi. Nani alimpiga hapa?"

Wote wakamtazama Mwau. Mwau akakimbilia pipa la maji.

Nilimrukia, mbavu zangu zikiniuma kama moto, nikampinda kidole mpaka kikavunjika. Nikamburura, nikaubana mkono wake wa kulia juu ya meza ya mtambo. Bi Hannah akaupangusa. Mstari ukasimama palepale.

"Niliwauzia vijiti vitatu tu," Mwau akalia. "Kalama ndugu yangu, wallahi sikujua watalipua karibu na watu."

Kalama akasogea mezani. Akainua panga.

"Mwachilie, Mulinge!" Bi Hannah akapiga yowe. "Mwachilie!"

Ningeweza kumwachilia. Niliubana ule mkono kwa nguvu zaidi.