Kengele ya Ukasha

Mwanangu Ukasha hakuwahi kutembea. Akiwa na miezi tisa alisimama, akashika ukuta, akanitazama, kisha akakimbia. Tangu siku hiyo sikunywa tena chai ikiwa ya moto. Watu wa kijijini kwetu Sindeni walinipa hongera, nami nilizipokea huku nikihema. Ndiye mtoto wangu wa kwanza, na wote walioniambia kwamba kulea ni raha walikuwa wamejaliwa watoto wanaokaa pale walipowekwa.

Huyu wangu nilimtoa ndani ya pipa, nikamtoa chini ya ghala akiwafuata kuku, nikaitwa msikitini kumchukua akiwa amevaa kandambili za imamu, zote mbili mguu mmoja. Nikimbeba mgongoni alipiga mateke mpaka kanga ikafunguka. Mama mkwe wangu, Bibi Tatu, tunakaa naye ua mmoja, lakini magoti yake hayawezi kukimbiza hata kifaranga. Mume wangu Muhsin alikuwa akirudi jioni na kusema mtoto ana afya njema. Kuna siku nilimwomba Mungu, kwa sauti kabisa, anitulizie huyu mtoto japo siku moja nipumzike.

Nashipai, jirani yetu Mmasai, ndiye aliyenikuta nalia. Boma lao liko ng'ambo ya korongo, na kila asubuhi huniletea maziwa. Siku hiyo alinikuta nimekaa chini uani, Ukasha juu ya rundo la kuni, mimi machozi yananitiririka bila aibu. Kesho yake alikuja na kengele ndogo ya mbuzi.

"Mama Ukasha, sisi mbuzi msumbufu hatumfungi kamba," alisema. "Tunamvalisha hii. Wewe unafanya kazi yako, masikio yanachunga."

Nilichana kipande cha kanga nikaifunga kengele kiunoni mwa Ukasha. Bibi Tatu akaweka chini ungo wake wa mchele.

"Mtoto wa Kiislamu unamfunga kengele kama mnyama?"

"Basi mkimbize wewe, mama."

Sikupaswa kumjibu mkwe hivyo. Alininunia siku tatu, na nilistahili. Lakini kengele ilifanya kazi, jamani. Baada ya wiki nilikuwa naisoma kwa masikio. Ikilia haraka haraka, anakimbia, hakuna neno. Ikilia mara mojamoja, ameokota kitu. Ikinyamaza, hapo ndipo nilipokuwa natupa jembe na kwenda mbio, kwa sababu Ukasha akinyamaza ujue kuna jambo. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue nililima mstari mzima wa mahindi bila kugeuza shingo.

Mwaka huo Muhsin alifyeka kipande kipya pembeni ya shamba, na ile miti akaichomea mkaa. Aliipanga, akaifunika kwa majani na udongo, akawasha. Tanuri la mkaa halina moto wa kuonekana. Kwa nje ni kichuguu kirefu cha udongo kinachotoa moshi, na ndani ni jehanamu. Linavyoungua linatitia, udongo unapasuka, na hewa ikiingia magogo yanageuka majivu. Kwa hiyo lazima mtu awepo, azibe.

Siku ya nne Muhsin alikwenda Korogwe kutafuta gari la kuubeba mkaa. Aliniachia koleo.

"Ukiona moshi unatokea pasipo pake, ziba haraka," aliniambia. "Liangalie tanuri kama unavyomwangalia mtoto."

Neno lenyewe lilikuwa hilo, naye hajalisahau, kama ambavyo mimi sijalisahau.

Asubuhi nilikwenda kuziba mara mbili, nikiwa nimemshika Ukasha mkono. Mara ya pili alikuwa na kikopo kitupu cha siagi. Akachota udongo, akanyoosha mkono, akaumwaga mahali pale pale nilipomwaga mimi.

"Ziba!" akasema. Lilikuwa neno lake jipya. "Mama, ziba!"

Nikacheka. Nikampigia makofi, nikamwambia ni mwanamume wa baba yake. Kati ya yote niliyofanya siku ile, yale makofi ndiyo yanayonichoma zaidi.

Tukarudi kwenye mahindi, nikaendelea na palizi. Mahindi yalikuwa yananifika kifuani, kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane haonekani humo. Nikawa nasikiliza. Kengele ikalia nyuma yangu, ikanyamaza kidogo, nikainua kichwa. Ikalia tena, karibu zaidi.

"Ukasha, usivunje mahindi ya baba!"

Ikalia haraka haraka. Nikatabasamu. Nikawaza kwamba leo amepata akili, anacheza karibu na mama yake. Nilimaliza mstari, nikaanza mwingine, nikaumaliza, na muda wote kengele iko nyuma yangu. Jua likawa kali. Nikachukua dumu la maji, nikatenganisha mahindi ili nimnyweshe.

Alikuwa beberu. Beberu wa Nashipai, mwenye doa jeupe usoni, ameshika jani la muhindi wangu mdomoni na shingoni ana kengele ndogo kama ile ile niliyopewa. Alinitazama. Nami nilimtazama, na sijui ni kwa muda gani, kwa sababu mwili ulikuwa umekwisha kuelewa na akili ilikuwa inakataa. Kisha nikageuza uso kuelekea kwenye tanuri, na hapo ndipo niliposikia kilio.

Alikuwa amepanda kuziba. Moshi ulikuwa umetoka pasipo pake, juu kabisa, na yeye akapanda na kikopo chake upande uliokwisha kutitia. Udongo ukaachia. Nilimkuta amezama miguu yote miwili mpaka juu ya magoti, mikono imeshika majani. Nilimvuta. Nilimmwagia maji yote ya lile dumu, nikamfunga kanga iliyolowa, nikakimbia naye hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake nilimbeba bila yeye kupiga mateke.

Mdoe, dereva wa bodaboda, alitupakia akaondoka mbio. Kwenye kituo cha afya muuguzi alichukua mkasi akakata kile kipande cha kanga kiunoni. Kengele ikaanguka sakafuni bila kulia. Udongo ukamwagika kutoka ndani yake. Ukasha alikuwa amekaa chini anachota udongo, ukaingia, ukaijaza.

"Hiki ni nini, mama?" muuguzi aliniuliza.

"Kengele ya mbuzi," nikasema, na aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena.

Tulipewa rufaa ya Korogwe. Muhsin alikuwa huko huko mjini, akapigiwa simu, akatangulia kufika hospitali. Alituona tunashushwa kwenye gari.

"Ulikuwa wapi wewe?" alinifokea mbele ya watu.

"Nilikuwa shambani kwako, nachunga tanuri lako."

Akafunua kanga akaiona miguu ya mwanawe. Baada ya hapo hakunifokea tena. Alikwenda akasimama uso ukutani, na mabega yakawa yanatikisika.

Tulikaa wodini wiki kumi. Nashipai alikuja siku ya tisa, amebeba kibuyu cha maziwa. Nilimpigia kelele wodi nzima ikageuka. Nilimwambia mbuzi wake ameniulia mtoto, na mtoto mwenyewe yuko hai pale kitandani ananiangalia. Nashipai alikaa chini akangoja nimalize.

"Yule beberu nimemvua kengele," alisema. "Mbuzi wote nimewavua." Akaacha maziwa akaondoka. Niliporudi nyumbani nilivuka korongo kwenda kumwomba radhi. Alinipokea, lakini maziwa ya asubuhi sasa huyaleta akayaweka mlangoni bila kuingia.

Mguu wa kulia umepoteza vidole vyote. Nyuma ya magoti ngozi imevuta, miguu haikunjuki. Daktari alisema atafanyiwa upasuaji mwingine akikua kidogo, na kuhusu kutembea alisema tutaona. Nilimuuliza mara tatu, na mara zote alisema tutaona.

Kwa hiyo Ukasha sasa anakaa. Namweka mkekani mlangoni asubuhi, nikienda kisimani na kurudi namkuta hapo hapo, anawatazama kuku. Chai nainywa ya moto. Ile siku moja niliyoiomba nimepewa, na nyingine zote juu yake.

Bibi Tatu hakuwahi kuniambia kwamba alinionya. Nilingoja aseme nipate wa kugombana naye, hakusema. Siku moja nilitoka jikoni nikaona ameiosha ile kengele, ameifunga kamba mpya, na anamshikisha Ukasha mkononi.

"Akikuhitaji aite," alisema. "Sauti yake imekuwa ndogo siku hizi."

Sasa akiitikisa naacha chochote nakwenda. Jana aliitikisa nikiwa ndio kwanza nimemimina chai. Nikatoka mbio, nikapiga magoti mkekani.

"Nini, mwanangu?"

Alikuwa anawatazama kuku wakielekea chini ya ghala. Akanyoosha kidole.

"Mama, kimbia."

Nikamfunga mgongoni kwa kanga, taratibu, miguu yake ikaninginia pembeni bila kunipiga. Nikakimbia nyuma ya kuku, nikazunguka ghala, nikazunguka rundo la kuni, kengele inalia karibu na sikio langu. Bibi Tatu aligeuza uso. Kila nilipotaka kusimama Ukasha alisema tena kimbia, nikakimbia mpaka pumzi ikanikatika.