Siku Tatu za Dobi

Barua ya shule ilikuwa fupi, lakini dobi aliisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari. Aliishia darasa la nne, kwa hiyo maneno marefu aliyakata vipande kwanza ndipo ayameze. Ilisema kwamba binti yake asipopeleka kila kazi siku yake wiki hii, Jumamosi hachezi nusu fainali.

"Wamekaa ofisini, wamekunywa chai yao, wakaamua," alisema, akaipiga barua mezani. "Ndivyo walivyo. Mama yako alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, wakubwa wakiwa mkutanini. Mkutano ulipokwisha, naye alikuwa amekwisha."

"Baba, usianze."

Binti alikuwa amelala chali sakafuni, anarusha glavu zake za kipa juu na kuzidaka. Wenzake wa timu walimwita Sumaku, maana mpira ukifika mikononi mwake haubanduki.

"Sumaku gani wewe? Mpira unanasa, daftari linateleza. Lete huo mkoba."

Mkoba ukamwagwa kwenye meza ya kupigia pasi. Zikatoka soksi za tope, ganda la ndizi, nusu rula, na daftari la baiolojia lililolowana na jezi mbichi mpaka kurasa zimeshikana. Dobi hakugomba. Alitandika kitambaa, akapunguza moto wa pasi, akaanza kulikausha ukurasa baada ya ukurasa.

"Baba! Unapiga pasi daftari?"

"Nimenyoosha suti za mahakimu, sembuse huyu chura wako uliyemchora."

Katika chumba chake cha kazi ulipita waya kutoka ukutani hadi dirishani, na nguo zilining'inia kwa mpangilio wa siku za kuchukuliwa. Kwa miaka ishirini hakuna mteja aliyeondoka na shati la mwenzake. Sasa akaufunga waya wa pili, chini ya ule wa kwanza, akampa binti yake mfuko wa vibanio.

"Kila kazi na karatasi yake, kila karatasi na kibanio chake. Ukirudi mazoezini, kabla hata hujaoga, unanipa. Napanga mimi. Asubuhi unashusha ya siku hiyo. Usifikiri, usibishe. Unashusha tu."

"Na mazoezi je?"

"Nenda. Mpira haujakukosea kitu. Ila jioni mimi napiga pasi, wewe unaandika. Atakayeacha kwanza ndiye mvivu."

Hakuweza kumsaidia hata swali moja, na hilo lilimuuma. Lakini kusimama aliweza. Kalamu ikinyamaza, alikohoa. Ikinyamaza tena, alikohoa zaidi.

"Una kifua?" Sumaku aliuliza.

"Nina mtoto."

Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, kazi zote zikafika. Jumatano, saa ya mapumziko, Sumaku alitokea mlangoni na sare yake, anahema, macho mekundu.

"Hesabu zilikuwa za leo, Baba. Wewe umezitundika kwenye za kesho."

"Haiwezekani. Umepewa Jumatatu. Zinatoka Alhamisi."

"Nani amekuambia?"

Dobi akautazama waya. Hakuna aliyemwambia. Kwake nguo ikiingia huoshwa, hukauka, hupigwa pasi, na baada ya siku tatu hutoka. Ilikuwa hivyo tangu Sumaku hajazaliwa, wala haikumpitia akilini kwamba walimu wana siku zao nyingine. Kazi mbili za mwanzo zilikuwa zimeangukia mahali pake kwa bahati tu.

"Sasa kwa nini hukuuliza?"

"Uliniambia nisifikiri! Mara ya kwanza maishani nimefanya ulivyosema." Akajifuta pua kwa kiganja. "Maswali kumi, sijagusa hata moja. Basi, Jumamosi imekwenda."

"Haijakwenda popote."

Akazima pasi, akachukua ile barua, wakatoka. Njia nzima alipanga maneno ya kumwambia mwalimu mkuu: darasa la watoto sitini, mazoezi yasiyo na ratiba, watu wa kutoa amri tu. Alipoketi mbele ya yule mama mwenye miwani, yakamtoka mengine kabisa.

"Kosa ni langu."

"Wazazi wote husema hivyo, mzee."

"Mimi sijawahi. Kwa kawaida kosa ni lenu."

Katibu mezani kwake akajifanya anakohoa. Sumaku akatazama chini. Dobi akaeleza habari ya waya na siku tatu, bila kujipunguzia lawama.

"Nimekuelewa," alisema mwalimu mkuu. "Lakini sheria ni sheria."

"Sawa. Soma sheria yako." Akamsogezea barua. "Umeandika siku yake. Siku haijaisha. Nioneshe ulipoandika saa."

Mama yule akasoma. Akavua miwani, akasoma tena.

"Mwisho kengele ya kufunga," alisema. "Aanze saa ya chakula cha mchana, mbele ya mwalimu wa hesabu. Akiacha hata swali moja bila kulijaribu, hachezi."

"Nangoja."

"Si lazima, mzee."

"Najua."

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, yeye aliyechukia mabenchi ya ofisi kuliko kitu chochote. Nguo za watu zikangoja. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona Sumaku ameinama, anaandika, anafuta, anaandika. Mwalimu wa michezo akachungulia.

"Sumaku! Glavu, twende, tunaanza!"

Dobi alitaka kukohoa. Akajizuia.

"Leo mchana sidaki," binti alisema bila kuinua kichwa. "Niko swali la sita."

Kengele ya kufunga ilipolia, mwalimu wa hesabu alitoka na karatasi. "Saba sawa, tatu kachemsha. Ila zote kazifanya mwenyewe."

"Basi atacheza," alisema mwalimu mkuu.

Dobi hakushukuru, hakuona alichopewa. Aliinuka, magoti yakalia, wakatoka uani pamoja.

"Za kesho ni zipi?" aliuliza.

"Jiografia. Historia Ijumaa."

"Nani kasema?"

"Walimu wenyewe. Nimewafuata mmoja mmoja kabla ya kuja kukuita, nimewauliza. Na wewe usinipangie tena."

Dobi akamnyoosha kola ya sare.

"Haya," alisema. "Nenda mazoezini."