Maneno Matano ya Bichwa

Dada yangu ni profesa wa ubongo. Kazini ana cheo kirefu, ila nyumbani tunamwita Bichwa, na jina limemkaa. Kipimo cha kumbukumbu kilichompa uprofesa alikitunga jikoni kwetu, akikijaribu kwa mama: anakutajia maneno matano, anakupigisha porojo kidogo, kisha anakutaka uyarudie. Sindano, kuku, mlango, chumvi, daraja. Mama aliyarudia huku akimenya viazi, jioni baada ya jioni, na kila akimaliza Dada alimwambia, "Vizuri sana, mama."

Miaka na mikaka ikapita, mama akaanza kupotea. Mimi ndiye niliyeishi naye, kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Aliweka viatu kwenye friji. Alimpakulia baba, na baba tulishamzika. Nikampigia Bichwa simu: mama asiachwe peke yake na jiko, tutafute mtu wa kushinda naye nikiwa shuleni nafundisha.

Akaja, akamketisha sebuleni, akampima. Mama akayataja yote matano bila kukwama.

"Umeona? Uzee tu huo," Dada aliniambia. "Ukimwekea mlinzi utamvunja moyo."

"Bichwa, mama ananiita kwa jina la marehemu mjomba!"

"Mdogo wangu, wewe sahihisha madaftari. Ubongo niachie mimi."

Nilimchukia siku ile, sifichi. Lakini mwenye vyeti ukutani ni yeye, na mtu hakutafutwa.

Mafuta ya moto yalimmwagikia mama akiwa peke yake jikoni. Jirani ndiye aliyesikia mayowe.

Wodini nilimkuta amefungwa bandeji mpaka mabegani. Dada alikuja mbio kutoka maabara, koti jeupe bado mwilini. Akamwinamia.

"Mama, mimi ni nani?"

Mama alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Halafu uso ukamchangamka. Maswali ya namna hiyo aliyajua.

"Sindano," akasema. "Kuku. Mlango. Chumvi. Daraja."

Dada akashika ukingo wa kitanda. "Alikuwa ameyakariri," alininong'oneza. "Tangu zamani. Mimi mwenyewe nilimkaririsha."

Nilikuwa nimemwandalia matusi njia nzima. Sikuweza kutoa hata moja, kwa sababu mama alikuwa bado anamkodolea macho, akisubiri.

"Vizuri sana, mama," Dada akamwambia.