Mia na Ishirini Kila Siku

Mume wangu ni fundi wa paa. Mwaka huu moyo wake ulimpiga chenga akiwa juu ya ngazi, wenzake wakamshusha kama mfuko wa saruji, na kliniki ikampiga marufuku kupanda kitu chochote kirefu kuliko kitanda. Alipopata nafuu wakampa masharti: kila siku nusu saa kwenye baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, na mapigo ya moyo yakae kati ya mia na kumi na mia na thelathini kwa dakika. Wakamvalisha saa ya kupima mapigo. Namba zake zilikuwa zinaingia kliniki, na kwenye simu yangu pia.

Mimi napiga pasi kwa dobi, na jioni nasoma kozi ya uuguzi. Mchana yeye ndiye anabaki na mtoto wetu, ambaye tunamwita Bosi kwa sababu hakuna anayethubutu kumkatalia. Kila simu ilipowaka pale mezani nilikuwa napumua vizuri. Mia na ishirini. Mia na kumi na nane. Mia na ishirini na mbili. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu namba hizo kama watu wanavyoonyesha picha za harusi.

Aliyeniharibia raha ni mama mmoja anayerudishia vifungo vilivyokatika. Tunamwita Shangazi Vifungo.

"Hivi mumeo hachoki?" aliniuliza.

"Kwa nini?"

"Mtu akianza kuendesha anapata joto kidogo kidogo, akimaliza anapoa. Wako anaanza na mia na ishirini, anamaliza na mia na ishirini. Mwanangu, huyo kamvalisha mtu mwingine saa."

"Mtu gani?"

"Sijasema mwanamke," akajibu, akakata uzi kwa meno. "Umefikiria mwenyewe."

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Nilinusa mashati: hayana jasho. Nilipapasa kiti cha baiskeli: kikavu, kina vumbi laini. Nepi za Bosi zilikuwa zimeanikwa kwenye usukani, zimekauka kabisa, wala hazikuonekana kama zimewahi kusogezwa kumpisha mtu.

"Leo umefanya mazoezi?" nikamuuliza.

"Si umeona namba?"

"Nimeziona. Nakuuliza wewe."

"Basi namba zimeshajibu," akasema, akamgeukia mtoto.

Halafu ukaja ujumbe wa kliniki: namba zake ni nzuri sana, aje Ijumaa, na mambo yakiwa hivyo hivyo ataruhusiwa kurudi kazini. Alitabasamu kwa midomo tu. Mimi usingizi ukaniruka. Mambo ya mwanamke yalinichoma, sikatai, lakini kulikuwa na kubwa kuliko hilo. Kama ule moyo haukuwa wake, Ijumaa wangetoa ruhusa kwa mapigo ya nani, halafu wampandishe nani juu ya mabati?

Siku mbili kabla ya Ijumaa, simu ikawaka nikiwa kwenye pasi. Mia na kumi na tisa. Nikampigia hapo hapo.

"Uko wapi?"

"Kwenye baiskeli," akasema. Sauti ilikuwa imetulia kama ya msoma taarifa ya habari.

"Mbona huhemi?"

"Nimezoea."

Nyuma yake Bosi akaanza kulia, kile kilio chake cha kudai haki. Nikatazama namba. Mia na arobaini. Mia na hamsini na tano. Mia na sabini. Mume wangu akawa anambembeleza, shii, baba, shii, na sauti yake ilikuwa bado imetulia. Mtoto akanyamaza. Namba zikaanza kushuka.

Nilizima pasi, nikaomba ruhusa. Shangazi Vifungo akaniuliza kama nimemfuma. Nikamwambia nadhani ndiyo, na huyo aliyevalishwa saa nadhani nimemzaa mwenyewe.

Niliwakuta kwenye mkeka. Baba kalala chali, mwana kakaa juu ya tumbo lake, saa imefungwa pajani mwa Bosi kwa mkanda uliokazwa mpaka tundu la mwisho. Mume wangu alifumba macho.

"Unataka ufe kwa moyo wa mtoto?" nikamuuliza. Nilitaka kufoka, sauti ikatoka nyembamba.

"Siku ya kwanza niliendesha kweli," akasema. "Ile saa imeandika mwisho wangu ni mia na themanini na mbili. Nikaona namba inapanda kama geji ya injini inayochemka. Mia na ishirini, mia na thelathini na tano, mia na hamsini. Nikasema ikifika pale moyo unapasuka. Nikashuka. Mke wangu, juu ya paa siogopi. Ile namba ndiyo inaniogopesha."

Nikakaa chini. Hasira ilitafuta pa kusimama, haikupaona.

"Hiyo namba wamechukua mia mbili na ishirini wakatoa umri wako," nikamwambia. "Darasani tumeisoma. Ni makadirio. Watu wa rika moja wanapishana kwa mapigo kumi na zaidi. Na hata namba yako ya kweli si mahali pa kupasuka. Ni mbio za mwisho za moyo ukiwa umejituma kabisa. Wewe wamekuambia uishie mia na thelathini. Ile siku ulikanyaga kama unafukuzwa."

"Nilitaka nimalize haraka."

"Nusu saa haimalizwi haraka."

Akacheka kidogo, kwa aibu. Nikaanua nepi. Nikamfungua Bosi saa, akanuna, nikamfunga baba yake, juu kidogo ya kifundo cha mkono ili isicheze.

Alianza polepole. Tisini na nane. Mia na saba. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na sikumbuki lini nililipenda jasho la mtu namna ile.

"Ngapi?"

"Zungumza. Ukiweza kuzungumza bila kukatika, mwendo ni wako."

"Nizungumze na nani?"

Nikampa simu. "Na kliniki."

Akaipokea, miguu ikiendelea kuzunguka. Kisha akapiga.

"Habari, dada. Ni yule fundi wa paa wa Ijumaa... Ndiyo, nahema, niko kwenye baiskeli. Dada, zile namba mnazopokea si zangu. Ni za mwanangu." Akashika usukani vizuri. "Ana miezi tisa... Hapana, hajui kuendesha."

Nikasikia upande wa pili kicheko kilichobanwa, halafu maneno mengi ya ukali. Aliitikia yote. Ijumaa aende kuchunguzwa upya, kibali cha paa kisahaulike kwa sasa, na akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame mara moja.

"Anasema mtoto yuko vizuri sana," akaniambia alipokata simu. Akakanyaga mizunguko kadhaa. "Ngapi sasa?"

Nilifikiria kumficha.

"Mia na ishirini na sita," nikasema.

Akaitazama mwenyewe, akashusha pumzi, akaendelea.